Ofisi isiyo na choo: Je, kukataa kazi ni ukaidi?

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa na Afisa Utumishi mstaafu mbele ya mkutano wa watumishi wa serikali na walimu.



Nilipoombwa kuja kuzungumza nanyi juu ya haki na wajibu mahali pa kazi, nilijibu kwamba nitakuja, ila nitachagua mwenyewe jambo la kuzungumzia. Nilipolitaja, wenyeji wangu walitazamana. Mmoja wao akaniuliza kwa upole kama nisingependa kusema juu ya mishahara, au juu ya mafao ya wastaafu, mambo ambayo nayo yana uzito wake. Nikasema la. Nitasema juu ya choo.

Naona baadhi yenu mmecheka na wengine mmeinamisha vichwa. Nilitarajia hayo. Lugha yetu ni lugha ya adabu: mtu haendi chooni, bali anakwenda msalani, au maliwatoni, au anatoka kidogo. Sina ugomvi na adabu hiyo, nimelelewa nayo. Lakini nimekaa katika maofisi ya Serikali kwa miaka 35, na nimeona adabu hiyo ikitumika kama pazia. Katika majalada niliyopata kuyashika nimesoma madokezo chungu nzima juu ya "upungufu wa huduma muhimu katika jengo". Mkubwa anayesoma dokezo la namna hiyo anaweza kudhani kwamba linahusu umeme au simu. Huandika "imeonwa", akalirudisha masjala. Hakuna aliyeandika kwamba choo kimeziba tangu mwezi wa pili na wanawake 22 hawana pa kwenda.

Basi leo tuliweke pazia hilo kando. Swali ninalotaka tulijibu ni hili: mtumishi anaposema kwamba hatafanya kazi katika ofisi isiyo na choo kinachofaa, je, huyo ni mkaidi? Ni mtoro? Ni mchochezi? Au ni mtu anayetimiza wajibu wake? Nitaanza na kisa kilichonifika mimi mwenyewe, na nakiri mapema kwamba katika kisa hicho sikuwa upande wa haki.

Mwaka 1982 nilikuwa Afisa Utumishi kijana katika ofisi moja ya Serikali huko mikoani. Ofisi yenyewe sitaitaja, kwa kuwa wengi wa waliokuwamo wamekwisha tangulia mbele ya haki na hawawezi kunijibu. Jengo lilikuwa limejengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya Bwana mkubwa mmoja, makarani wachache na matarishi wawili. Sisi tulikuwa zaidi ya 60. Vyoo vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa nyuma ya masjala, choo cha kuvuta maji, na wote tulikitumia, wake kwa waume. Cha pili kilikuwa mwisho wa ukumbi. Hicho kilikuwa na kitasa, na ufunguo wake ulikuwa mmoja tu, ukining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa Mkuu wetu wa ofisi. Yeye, na sisi maafisa wanne, ndio tuliokuwa na ruhusa ya kuuchukua.

Walio na umri wangu wanaikumbuka miaka ile. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, hazina ilikuwa imekauka, kipande cha sabuni kilikuwa zawadi ya kumpelekea mkwe, na kipuri cha mashine kilisubiri fedha za kigeni ambazo hazikuwapo. Pampu ya maji ya jengo letu ilipokufa, tangi la juu likawa kavu, na kile choo cha nyuma ya masjala kikageuka kuwa kitu ambacho sitakieleza mbele ya watu wanaosubiri chakula cha mchana. Mhudumu alileta ndoo mbili za maji kila asubuhi kutoka kwenye bomba la mtaani. Ilipofika saa tatu zilikuwa zimekwisha. Baada ya wiki chache mlango ukang'oka bawaba. Wanaume wakawa wanakwenda nyuma ya karakana, kana kwamba hilo si jambo la kutazamwa mara mbili. Wanawake je?

Mimi sikujua, kwa sababu sikuuliza. Baadaye ndipo nilipoelezwa. Walikuwa hawanywi chai wala maji tangu alfajiri mpaka saa ya kufunga kazi. Waliokuwa hawana budi walikwenda wawili wawili, mmoja akishika khanga mlangoni. Karani mmoja mja mzito alikuwa akitembea kwa miguu mpaka hospitali, mwendo wa robo saa kwenda na robo saa kurudi, mara mbili au tatu kwa siku. Wengine, walipokuwa katika siku zao za mwezi, walibaki nyumbani. Nami, Ndugu zangu, nikiwa na kalamu nyekundu, nilikuwa nikiandika mbele ya majina yao katika rejesta: hayupo, bila ruhusa.

Tulikuwa na mpiga chapa mmoja, mama wa makamo, mwenye kasi na usahihi ambao sijapata kuuona tena. Alitoa taarifa juu ya choo mara tatu. Mara ya kwanza alimwambia msimamizi wa wahudumu. Mara ya pili alikuja kwangu, nikamjibu kwamba suala hilo linashughulikiwa, jibu ambalo kila mmoja wenu hapa amewahi kulipata au kulitoa. Mara ya tatu aliandika barua. Niliipokea, nikaipiga mhuri, nikaiweka katika jalada.

Jumatatu iliyofuata alifika kazini kwa wakati. Akatia sahihi. Akapangusa vumbi kwenye mashine yake ya chapa, akaifunika, akachukua kiti chake, akaenda kukaa nje chini ya mwarobaini uliokuwa unatazamana na dirisha la Mkuu. Tarishi alipompelekea kazi, alisema: "Nitaifanya. Nileteeni mashine hapa, au nipelekeni katika ofisi yoyote yenye choo, nitachapa mpaka usiku. Ndani humo siingii."

Siku ya kwanza tulicheka. Siku ya pili taarifa ya mwezi ilikuwa bado haijachapwa. Siku ya tatu wanawake wengine wanne walikuwa na viti vyao chini ya mti ule ule, na Mkuu akaniita, akaniambia neno moja: "Mwandikie." Nikamwandikia. Nilimtuhumu kwa kukaidi amri halali, kwa utoro ndani ya saa za kazi, na kwa kuchochea wenzake. Barua ile niliiandika kwa mkono, kwa sababu mtu ambaye angeichapa ndiye aliyekuwa akiandikiwa.

Jambo likapelekwa katika mkutano wa tawi la JUWATA. Mkuu alisema kwa kirefu juu ya nidhamu, juu ya hali ngumu ya uchumi, na juu ya pampu. Alisema kweli tupu. Pampu ile tulikuwa tumeiandikia barua tano. Kisha yule mama akasimama. Hakupaza sauti. Alisema: "Ndugu Mwenyekiti, habari ya pampu naielewa. Mimi sikuomba pampu. Vyoo vyote viwili havina maji ya bomba. Kile chenye kitasa kinapelekewa ndoo nne kila siku, kwa watu watano. Hiki chetu kinapelekewa ndoo mbili, kwa watu zaidi ya hamsini. Je, na hilo nalo ni la fedha za kigeni?" Halafu akanigeukia mimi, akaniita kama alivyozoea kuniita tukiwa wawili tu, wala si kwa cheo changu: "Mwanangu, ufunguo uko wapi hivi sasa?"

Ulikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeutumia kabla ya mkutano. Niliutoa, nikauweka mezani, na hakuna aliyesema neno kwa muda ambao mimi niliuona mrefu sana.

Jioni ile ile ufunguo ulikabidhiwa kwa wanawake. Jumamosi mbili zilizofuata, wafanyakazi wenyewe, na Mkuu akiwamo, maana hakuwa mtu mbaya, walichimba mashimo mawili nyuma ya ua. Idara ya Ujenzi ikatupa matofali yaliyobaki mahali na mabati ya zamani. Tukapata vyoo viwili vya shimo vyenye milango, pipa la maji na kopo. Hakuna kitu hata kimoja kilichoagizwa kutoka ng'ambo. Viti vikarudi ndani.

Sasa nirudi kwenye swali. Je, yule mama aligoma?

Mkuu wetu aliamini hivyo, na nadhani najua sababu. Alikuwa meneja kijana katika miaka ile iliyofuata Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971. Wazee mnakumbuka ibara ya 15, ile iliyowakataza viongozi kiburi, ubwana na dharau. Wafanyakazi waliisoma ibara hiyo wakaishika kwa moyo, na kati ya mwaka 1971 na 1973 kazi zilisimama katika viwanda kadha wa kadha. Migomo mingi ya wakati ule haikuhusu mshahara. Ilihusu mtu kutukanwa, kusukumwa, kutendewa kama kwamba hana utu. Meneja aliyepitia wakati huo alibaki na hofu moyoni: akimwona mfanyakazi amekaa chini ya mti saa za kazi, huona mgomo.

Lakini mgomo ni kukataa kazi. Yule mama hakuikataa kazi hata kwa saa moja; alikataa mahali. Alifika, alitia sahihi, aliomba mashine, aliomba kuhamishiwa mahali pengine. Kama kuna mtu aliyesimamisha kazi katika ofisi ile, ni yule aliyeona heri taarifa ya mwezi isichapwe kuliko kutoa ufunguo msumarini. Tofauti hii kati ya kukataa kazi na kukataa mahali ndiyo ninayotaka mwondoke nayo hapa, kwa sababu wengi huichanganya, maafisa utumishi tukiwa wa kwanza.

Na tofauti hiyo si ya kwangu. Tazameni sheria. Wakati ule, mwaka 1982, sheria iliyokuwapo ya afya mahali pa kazi ilikuwa ile ya viwanda, iliyotungwa na wakoloni mwaka 1950. Ilikuwa sheria ya viwanda: mtu wa mashine alikuwa na ulinzi wa namna fulani, karani na mwalimu walikuwa nje yake. Hata huko Uingereza kwenyewe, ilikotoka sheria hiyo, maofisi na maduka yalisubiri mpaka mwaka 1963 ndipo yakapata sheria yao, ingawa kamati ilikuwa imekwisha litolea taarifa jambo hilo tangu mwaka 1949. Inaonekana kila mahali watu hudhani kwamba anayeshika kalamu hana tumbo.

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 120 mwaka 1964, unaohusu usafi katika biashara na maofisi. Mkataba huo unataja maji safi ya kunywa, mahali pa kunawia, vyoo vya kutosha na vinavyofaa, na hata viti vya kukalia. Mwaka 1981, yaani mwaka mmoja kabla ya kisa chetu, Shirika hilo hilo likapitisha Mkataba Namba 155 juu ya usalama na afya kazini. Humo mna ibara inayosema kwamba mfanyakazi aliyejiondoa mahali pa kazi kwa sababu ya msingi ya kuamini kwamba pana hatari kubwa na ya karibu kwa uhai au afya yake, alindwe asipatwe na adhabu isiyostahili. Mimi nilikuwa Afisa Utumishi na sikupata kuusikia mkataba huo. Mwaka 2022 mazingira salama na yenye afya kazini yalitiwa katika orodha ya haki za msingi za kazi, zile ambazo kila nchi mwanachama hupaswa kuziheshimu kwa sababu tu ya uanachama wake. Na nchi yetu ni mwanachama tangu mwaka 1962.

Hapa nyumbani tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya ile ya kikoloni. Sheria hii inasema mahali pa kazi, haisemi kiwanda peke yake. Vyoo vimo. Maji ya kunywa yamo. Wakaguzi wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambao wengi mnaujua kwa jina la OSHA, wanaweza kuingia, kukagua, na kumwamuru mwajiri arekebishe. Wangapi kati yetu, katika maofisi na mashule, wamewahi kuwaandikia? Tunawaita wakija kufunga mgodi. Hatukumbuki kwamba mlango wa ofisi yetu nao wanaweza kuubisha.

Hata hivyo sitaki kuwadanganya. Maneno "hatari kubwa na ya karibu" yana mwanasheria wake kila upande. Choo kichafu katika ofisi ya watu wanne, chenye jirani mwenye choo kizuri, hakitapita kipimo hicho kwa urahisi. Choo kilichofurika wakati kipindupindu kimo mjini, kama ilivyokuwa mwaka 1977 na 1978, na tena tangu Agosti 2015 hapo Dar es Salaam, ni jambo jingine kabisa. Kwa mwanamke mja mzito, kwa mgonjwa wa kisukari, kwa mzee mwenye matatizo ya tezi, hatari haingoji kipindupindu. Madaktari wanatueleza kwamba mtu anayejinyima maji kutwa nzima na kuzuia haja hujitafutia maambukizi ya njia ya mkojo na vijiwe vya figo, na kwamba mwanamke huambukizwa upesi zaidi kwa maumbile yake. Huyu anaumia polepole, bila damu sakafuni, na kwa hiyo hakuna anayeandika taarifa ya ajali.

Ndugu Walimu, liko jambo linaloniudhi zaidi ya yote hayo. Mwaka 1973 nchi hii ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomeana vitabu, kisha wakainuka wakachimba vyoo. Walimu ndio mlioongoza vikundi hivyo sehemu nyingi. Kipindupindu kilipoingia, bwana afya alipita nyumba kwa nyumba, na mwanakijiji asiye na choo alijua kwamba atatozwa faini. Mwaka 2017 ikaanzishwa kampeni ya Nyumba ni Choo, na ujumbe ukawa ule ule. Ni kazi njema zote. Lakini yule mtumishi aliyetumwa kumwambia mkulima achimbe choo alitoka katika ofisi gani? Nimewaona kwa macho yangu mabwana afya wakiomba kutumia choo cha mwanakijiji waliyekwenda kumkagua, kwa sababu kituoni kwao hakuna.

Na shuleni hali ni hiyo hiyo. Kiwango kilichowekwa na Serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kila mwalimu hapa ahesabu kichwani shule yake inavyosimama. Halafu ajiulize: na mwalimu wa kike, yeye huenda wapi? Katika kazi yangu nimesoma maombi ya uhamisho mengi kutoka kwa walimu wa vijijini. Sababu iliyoandikwa ilikuwa "matatizo ya kifamilia". Nilipowaita na kuzungumza nao, hasa wanawake vijana, hadithi ilikuwa nyingine: choo kimoja cha walimu, hakina mlango, kinatazamana na darasa la saba. Mtu amekataa kufanya kazi mahali pasipo na choo, ila amekataa kimya kimya, peke yake, kwa kisingizio. Na shule ikapoteza mwalimu wa hesabu bila kujua kwa nini. Kukataa kwa namna hiyo kunatokea kila mwaka. Yule mama wa mwarobaini alikataa hadharani, akabaki, na choo kikapatikana.

Nitatoka nje ya nchi kidogo. Katika jimbo la Kerala, huko India, kuna mji wa Kozhikode, ndiyo Kalikuti ya mabaharia wetu, bandari ile ambayo mwaka 1498 Vasco da Gama aliongozwa kuifikia na rubani aliyempata Malindi. Katika maduka ya mji huo wanawake wauzaji walikuwa wakisimama kutwa bila choo, na wao pia walikuwa wameacha kunywa maji. Mwaka 2010 hivi, fundi cherehani mmoja, Bibi Viji Palithodi, alianza kuwakusanya, akaunda chama cha wanawake. Dai la kwanza lilikuwa choo. Walidhihakiwa, wakaendelea. Walipokwisha kuzoea kusema neno choo mbele ya matajiri, wakaona kwamba wanaweza kusema na neno kiti, maana walikuwa hawaruhusiwi hata kukaa wakati hakuna mnunuzi. Mwaka 2018 jimbo lilibadilisha sheria yake ya maduka ili muuzaji awe na haki ya kukaa. Choo na kiti, yote mawili yalikuwa yamekwisha andikwa katika mkataba ule wa mwaka 1964. Zilipita zaidi ya miaka 50, na aliyefanya yatazamwe ni mshona nguo.

Mtaniuliza: basi, Mzee, unatuambia kesho tubebe viti twende chini ya miti? La hasha. Anayekataa kwa haraka humpa mkubwa nafasi ya kuzungumza juu ya nidhamu badala ya choo. Andikeni kwanza, na katika barua liandikeni lile neno lenyewe. Semeni choo kimeharibika tangu tarehe fulani, kinatumiwa na watu kadha, wanawake kadha. Hesabu ndiyo iliyomshinda Mkuu wetu; angeweza kubishana na malalamiko, hakuweza kubishana na ndoo nne na ndoo mbili. Pelekeni nakala kwa chama chenu cha wafanyakazi na kwa mkaguzi. Ombeni mahali pengine pa kufanyia kazi hiyo hiyo. Endeleeni kufika na kutia sahihi, kwa maana mtu asiyefika amejihukumu mwenyewe kwa utoro, na kanuni za utumishi hazina huruma na mtoro. Na msimwache mmoja akae nje peke yake siku tatu, kama sisi tulivyomwacha.

Ziko kazi ambazo haziwezi kuachwa. Muuguzi hamwachi mgonjwa mahututi kwa sababu choo kimeziba, wala mwalimu hawezi kuwaacha watoto 60 bila mtu. Kwa mwalimu nasema hivi: huna sababu ya kukataa peke yako, kwa kuwa watoto nao hawana choo. Wewe na wao mko upande mmoja. Iite kamati ya shule, wapeleke wazazi wakaone, hasa akina mama wenye mabinti wa darasa la sita na la saba. Mzazi aliyeingia mwenyewe katika choo kile hahitaji hotuba.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Naijua bajeti; nimekaa katika vikao vya bajeti mpaka usiku wa manane. Karo jipya ni ghali, maji taka ni gharama, na jengo la zamani lina matatizo yake. Lakini katika miaka yangu yote 35 sikupata kuona gari la mkubwa likikaa miezi minne bila tairi. Na mkishuku kwamba ofisi fulani kweli haina uwezo, tafuteni kwanza kama kuna mlango wenye kitasa.

Nimalize kile kisa. Ile barua ya onyo haikufutwa. Vyoo vilichimbwa, viti vikarudi, sote tukafurahi, na hakuna aliyekumbuka barua. Nikahamishwa. Mwaka 1991 yule mama alistaafu, na jalada lake likapita mezani kwangu, kwa kuwa wakati huo nilikuwa nashughulika na mafao. Nikalifungua. Barua ilikuwamo, kwa mwandiko wangu wa ujanani, ikimwita mkaidi na mchochezi. Ndiyo karatasi pekee ya onyo katika jalada la miaka 28.

Kuchana karatasi ya jalada ni kosa, na mimi nilikuwa nimewafundisha vijana wengi kwamba ni kosa. Kwa hiyo nikachukua karatasi nyingine, nikaandika dokezo: kwamba mtumishi huyu hakukaidi amri yoyote; kwamba alitoa taarifa mara tatu juu ya choo kisichofaa, na mwandishi wa barua ya onyo alikuwa nayo taarifa hiyo mkononi; na kwamba siku ya mkutano ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwandishi. Nikatia sahihi na tarehe. Masjala wakaipa namba ya folio, wakaifunga nyuma ya ile ya kwanza, na jalada likapelekwa kwenye ghala la majalada yaliyofungwa.